Dume la Nyuki Lililowekewa Mwiba

 

Kiangazi kilichopita nilialikwa harusi huko Kwihara, kilomita chache tu kutoka Tabora mjini, karibu na lile tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Ngoma zilikuwa zimekolea na sahani za pilau zinapita, mara tukasikia mvumo juu ya vichwa vyetu. Kijana wa picha, aliyekodiwa kutoka mjini, alikuwa amerusha kidude chake chenye mapangaboi manne. Watoto wakakifukuzia kwa kelele. Kina mama wakapunga vitenge. Bibi mmoja aliyeketi mkekani kando yangu hakupunga. Aliinua kichwa, akakitazama mpaka kikatulia juu ya mwembe, kisha akaniuliza, "Mwalimu, anayetuona ni nani?"

Nikamwonyesha: ni yule kijana pale, mwenye kofia.

Akasema, "Huyo simjui."

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile, na ndiyo niliyokuja nayo studio asubuhi hii. Kidude cha harusi hakina neno, betri yake inaisha baada ya nusu saa kinashuka. Ninayetaka kumzungumzia ni jamaa yake mkubwa: ndege isiyo na rubani inayopaa alfajiri ya leo na kutua kesho. Iko ambayo mabawa yake, ukipima ncha hadi ncha, yanafika mita 20. Inaelea kilomita kadhaa juu, mahali ambapo mara nyingi sikio la mtu wa chini halifiki, ikitazama kijiji kimoja, njia moja, nyumba moja. Na chini ya mabawa hayo imebeba makombora. Ndege za namna hiyo zimepigana vita kwa majirani zetu, Somalia, Ethiopia, Sudan, na Kongo, ambayo ni ng'ambo ya ziwa lile inapoishia reli yetu.

Kiswahili kimezipa jina zuri, ndege nyuki. Kiingereza nacho kimekwenda mzingani, ila chenyewe kimechagua jina la dume la nyuki. Sasa hapo sisi watu wa Tabora tuna haki ya kusema, maana nyuki ni wa kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa mrina asali katika misitu ya Sikonge. Alitundika mizinga ya magome na ya magogo kwenye miyombo, na mimi nilikuwa mbeba ndoo wake. Alinifundisha kumtambua dume: mnene, macho makubwa kuliko ya nyuki vibarua, yamekutana hadi utosini, na hana mwiba. Unaweza kumweka kiganjani. Hajengi sega, hatafuti chavua, halindi mlango wa mzinga. Anaruka juu kumtafuta malkia, na macho yale amepewa kwa kazi hiyo.

Ndege hizi zilipoanza zilikuwa hivyo hivyo, macho makubwa bila mwiba. Mwaka 1995 Wamarekani waliipeleka Bosnia ndege iitwayo Predator. Ilibeba kamera, na iliweza kukaa hewani karibu siku nzima na usiku wake. Tuelewane hapa juu ya huko kukaa, kwa sababu kila kilichofuata kimezaliwa na kukaa. Ndege ya upelelezi yenye rubani hupita kama abiria wa treni anayechungulia dirishani: ameiona stesheni, amemwona muuza karanga, treni imeondoka. Ndege nyuki inashinda na kukesha. Inajua taa ya nyumba fulani huzimwa saa ngapi, gari gani huja Ijumaa, nani hutoka alfajiri kuchota maji. Anayetazama picha, pengine akiwa maelfu ya kilomita mbali, akichoka anainuka kwenye kiti na mwenzake anaketi. Huko juu hakuna aliyesinzia.

Lakini mwenye kukesha hupata kishawishi. Waliokuwa wakitazama walimwona adui mchana, wakaita ndege nyingine yenye bomu, na kabla haijafika adui keshapanda gari na kwenda zake. Wakasema, mbona tusimpe mwenye macho mwiba? Mwanzoni mwa 2001 Predator ilijaribiwa kufyatua kombora jangwani Nevada. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo huo, usiku wa kwanza wa vita vya Afghanistan, ikafyatua vitani. Miaka sita baadaye akaja ndugu yake, Reaper, mkubwa zaidi, mwenye kubeba makombora na mabomu na kukaa hewani zaidi ya saa 20. Hii ndiyo yenye mabawa ya mita 20 niliyowatajia. Kuanzia hapo jicho na ngumi vikawa katika mwili mmoja.

Nchi yetu iliwahi kuona zamani jicho na ngumi zikiwa bado ndugu wawili. Naomba mnivumilie kidogo katika historia, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza jambo.

Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Kutoka baharini Waingereza hawakuiona, ndipo wakamkodi rubani mmoja, Cutler, mwenye ndege ya kuelea majini, na Novemba akaiona kutoka juu. Julai 1915 wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zikaingia mtoni. Mizinga ya meli hizo ilipiga bila kuona shabaha, maana katikati palikuwa na msitu wa mikoko. Aliyeona alikuwa juu, kwenye ndege iliyotoka kisiwa cha Mafia. Alitazama ganda linapoangukia, akapiga simu ya upepo: rudisheni nyuma, sogezeni kushoto. Tarehe 11 Julai ndege hiyo ilipigwa. Ndani yake walikuwamo wawili, Cull na Arnold, na walipokuwa wakishuka kuelekea mtoni na injini imekufa, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha. Walianguka majini wakaokolewa. Königsberg ikaisha siku hiyo.

Mizinga yake iliopolewa na kusambazwa nchini. Mmoja uliletwa kwa reli hadi Kigoma, ukapita hapa Tabora, ukafungwa kwenye meli ya Graf von Götzen. Katikati ya 1916 Wabelgiji, wakitokea upande wa Kongo, walirusha ndege za kuelea majini zikaangusha mabomu Kigoma. Hebu fikirini mvuvi wa Ujiji siku hiyo, hajawahi hata kusikia kuwa kuna chombo kinachoruka. Julai Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe isije ikatekwa. Meli hiyo ndiyo iliyoibuliwa baadaye na kuitwa Liemba, na wengi wenu mmeipanda. Wabelgiji, nikisema Wabelgiji jueni kwamba askari wenyewe karibu wote walikuwa Wakongomani, wakaja, wengine wakitokea ziwani kuelekea mashariki. Tarehe 19 Septemba 1916 wakaingia Tabora. Jenerali wao, Charles Tombeur, alikuja kupewa ubaroni wenye jina la mji wetu.

Na mwaka 1917 kuna kisa kingine ambacho sijui kwa nini hakisimuliwi mashuleni. Novemba, Wajerumani walirusha kutoka Bulgaria puto kubwa la injini, L59, likiwa na tani 15 za risasi, dawa na vyakula kwa ajili ya kamanda wao Lettow-Vorbeck aliyekuwa akipigana kusini mwa nchi hii. Lilifika Sudan, magharibi ya Khartoum, likaitwa kwa redio lirudi. Likarudi lilikotoka bila kutua popote, saa 95 hewani, zaidi ya kilomita 6,700. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita, basi, kuna waliotaka chombo cha kukaa angani siku nne kwa ajili ya vita vya nchi yetu. Hamu hii si mpya.

Lakini turudi Rufiji kwa Cull na Arnold. Aliyeona alikuwa mmoja, aliyepiga alikuwa mwingine, kule melini. Walisemezana. Na wote wawili walikuwa mahali ambapo wangeweza kufa. Aliyeona akikosea, aliyepiga alipata dakika ya kuuliza. Nimewaza sana juu ya dakika hiyo.

Sasa Kongo. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa uliunda brigedi maalumu ya mashambulizi huko Kivu, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa wa kwetu, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Novemba mwaka huo waasi wa M23 walishindwa. Tarehe 3 Desemba, mjini Goma, mkuu wa operesheni za kulinda amani, Hervé Ladsous, akazindua ndege nyuki za kwanza katika historia ya Umoja wa Mataifa. Ziliitwa Falco, zimetengenezwa Italia, hazina silaha. Hizo zilikuwa madume halisi.

Zilifanya kazi njema. Mei 2014 moja iliona mashua imepinduka Ziwa Kivu, taarifa ikapelekwa, boti zikaenda, watu wakaokolewa wakiwa hai. Hilo peke yake linanitosha nisilaani chombo. Nao waliochora ramani ya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo kuanzia 2016, na waliojaribu kupeleka dawa Ukerewe kutoka Mwanza mwaka 2018, Mungu awabariki.

Ila msitu wa Beni si jangwa la Nevada. Kuna mawingu, kuna mvua, kuna miti iliyofungamana mpaka mchana unakuwa jioni. Tarehe 7 Desemba 2017 jioni, kambi ya vijana wetu Semuliki, katika wilaya ya Beni, ilivamiwa na kundi kubwa lenye silaha nzito. Mapigano yalidumu saa nyingi. Watanzania 15 walikufa, wengine zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa Machi 2018 ulisema kulikuwa na upungufu katika mafunzo na katika uongozi, hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka msaada au kuwaondoa, na vitu vya msingi vilikosekana: usafiri wa anga, wahandisi, habari za kijasusi.

Habari za kijasusi, miaka minne baada ya sherehe ya Goma. Naomba tusiliruke jambo hili. Wale vijana walikufa mahali ambapo jeshi la kimataifa lilishaambiwa kwamba sasa lina macho angani. Kundi la watu mamia haliji bila kupita mahali. Wamepita kijijini, wamenunua mihogo, mwanamke mtoni amewaona, mchoma mkaa amewaona. Anayejua alikuwepo. Hakuwepo wa kumwuliza, au alikuwepo na aliogopa kusema, kwa sababu akisema leo atalala peke yake kesho, na ndege haishuki kumlinda. Familia za wale 15 ziko nchini humu, pengine nyingine zinanisikiliza sasa. Poleni tena. Nawataja kwa heshima.

Haikuwa Kongo peke yake. Tarehe 5 Januari 2020, wapiganaji wa Al-Shabaab walinyatia kwa miguu, alfajiri, uwanja wa ndege wa Manda Bay katika kaunti ya Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuchoma ndege, zikiwamo za upelelezi. Ndege zilizokuwa zikiitazama Somalia usiku na mchana zilichomwa zikiwa chini, na mtu aliyepita vichakani.

Katika miaka hiyo mambo yalikwenda mbio. Zamani Reaper ilikuwa mali ya wachache. Kisha China ikauza za kwake, Uturuki ikaja na Bayraktar TB2, ndege ndogo zaidi, ya bei nafuu kwa mbali, yenye kukaa hewani takriban saa 27 na kubeba mabomu madogo manne. Serikali isiyo na uwezo wa kununua na kulisha ndege za kivita ikajikuta ina jeshi la anga la kutosha kugeuza vita. Ethiopia iligeuza vita vya Tigray hivyo mwishoni mwa 2021. Kongo nayo mwaka 2023 ikapata CH-4 za Kichina, zikawekwa uwanja wa Kavumu karibu na Bukavu. Upande wa pili, wale M23 walioibuka tena, haukukaa kimya. Februari 2024, taarifa za Umoja wa Mataifa zinasema, kombora la kutungulia ndege lilifyatuliwa kuelekea ndege nyuki ya walinda amani wenyewe. Aprili mwaka huo bomu la mota liliangukia karibu na kambi ya askari wa SADC, Watanzania watatu wakafa. Mwisho wa Januari 2025 Goma ikatekwa, katikati ya Februari Kavumu ikatekwa. Jicho la saa 30 linahitaji lami ya kurukia, mafuta, mafundi na usingizi wa watu wake. Ukichukua uwanja, umelipofua.

Sudan mambo yamekwenda mbali zaidi. Mei 2025 ndege nyuki zilishambulia Port Sudan siku baada ya siku, zikachoma matangi ya mafuta, katika mji ambao maelfu walikuwa wamekimbilia wakiamini vita viko mbali. Huko baadhi ya ndege ni za kwenda bila kurudi, zenyewe ndiyo bomu. Nyuki kibarua akichoma hufa. Na hilo nalo wamelichukua kutoka mzingani.

Sasa nawaomba tufike Dedebit, kaskazini magharibi mwa Tigray. Usiku wa tarehe 7 Januari 2022, ambayo ni Krismasi ya Waethiopia, watu waliokimbia vita walikuwa wamelala katika eneo la shule. Shambulio la angani liliua zaidi ya 50, wakiwamo wanawake na watoto. Wachunguzi waliopekua mabaki walikuta vipande vya bomu la aina ile inayobebwa na TB2. Huku kwetu Tabora na Kigoma tunazijua shule zinazolaza wakimbizi. Tumewapokea Warundi Ulyankulu tangu 1972, na Wakongomani Nyarugusu tangu 1996. Tunajua shule ya namna hiyo inavyoonekana: moshi mwingi wa majiko, watu wengi kuingia na kutoka, wanaume wamekaa makundi makundi bila kazi, magunia yanashushwa kwenye malori usiku.

Ukiwa chini, unajua ni wakimbizi. Ukiwa juu, umeona moshi, makundi ya wanaume na malori ya usiku.

Nifanye jambo moja ambalo nimelifikiria nikitembea ile njia ya zamani ya misafara, penye miembe iliyopandwa na wafanyabiashara. Tuirushe ndege nyuki juu ya Unyanyembe, hapa hapa Tabora, mwaka 1871. Iko juu kilomita tano. Anayetazama kioo yuko bara jingine, amekunywa kahawa, zamu yake ni ya saa nane. Kutoka magharibi anaona mstari wa watu. Anahesabu: mia sita. Wametembea siku tano, wakilala penye maji. Mbele yuko mtu na bendera. Wengine wamebeba vitu virefu vyeupe mabegani, mizigo mizito. Bunduki zinaonekana, nyingi. Pembeni kuna wanawake wenye masufuria na watoto mgongoni, ila kwa urefu ule mtoto mgongoni ni uvimbe tu kwenye kivuli. Siku ya sita wanakaribia boma. Ngoma inapigwa, lakini ngoma haionekani kwenye kioo. Bunduki zinafyatuliwa hewani.

Huyo anayetazama aseme nini? Kundi lenye silaha, mia sita, limefyatua risasi nje ya makazi. Kidole kiko kwenye kitufe.

Mtoto yeyote wa Tabora wakati ule angemwambia: ni msafara wa pembe unaingia mjini, wanapiga baruti za furaha. Mtemi wa njiani angemwambia zaidi, kwa sababu amepokea hongo, na hongo ya siku zile ilikuwa ushuru halali wa njia. Aliketi na kirangozi, kiongozi wa msafara, siku mbili wakipatana vitambaa vingapi. Anajua pembe ni za nani, wapagazi ni wa ukoo gani, nani kati yao ni mgonjwa. Na siku ambayo watu mia sita wanaofanana na hao kwa kila kitu, bunduki hizo hizo, mwendo huo huo, walikuwa rugaruga, wapiganaji wa mtawala Mirambo, wanaokuja kupigana, mtemi huyo huyo ndiye angejua tofauti. Mirambo mwenyewe hakutisha kwa wingi wa bunduki. Alitisha kwa sababu alifika kabla habari zake hazijafika, na kwa hiyo kila aliyemwogopa alijifunza kuthamini habari inayoletwa na mtu.

Kuona si kujua. Sisemi ndege hizi zifungwe. Jeshi letu lina mpaka mrefu wa ziwa upande wa magharibi na mto Ruvuma kusini, na askari wa doria anayetanguliwa na jicho ana nafasi nzuri zaidi ya kurudi kwa mkewe. Jicho, ndiyo. Mimi nina ugomvi na ile dakika iliyopotea, ile ya Rufiji, ambayo mwenye kuona na mwenye kupiga walikuwa wawili wakaulizana. Kila hatua ya teknolojia hii imeikata dakika hiyo ikawa fupi zaidi, na sasa kuna wanaotaka hata yule aliyeketi kwenye kiti atolewe, mashine ijitazamie na ijiamulie.

Sheria ipo. Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, ambayo Tanzania imeiridhia, inamtaka anayeshambulia afanye kila linalowezekana kuhakikisha anayempiga si raia. Inaitaka pia kila nchi inayonunua silaha mpya iichunguze kwanza kama matumizi yake yanakubalika. Hilo la pili ni la wabunge wetu. Siku ambayo nchi yoyote ya Afrika Mashariki inasaini mkataba wa kununua jicho lenye mwiba, kamati ya ulinzi iulize, hata kama ni nyuma ya mlango uliofungwa: amri inatolewa na nani? Picha zinahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Baada ya shambulio, nani anakwenda kwa miguu kuhesabu maiti na kuandika majina? Kijana wa harusi anatakiwa kisheria kukisajili kidude chake Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ni sawa kabisa. Nami nataka lile kubwa liwe na daftari lake, na daftari lisomwe na mtu asiyevaa sare.

Hilo la kwenda kwa miguu ndilo linaloniuma kuliko yote. Somalia, Tigray, Kivu, kila mahali kisa ni kile kile: msemaji anatangaza magaidi kadhaa wameuawa, wanakijiji wanasema walikuwa wafugaji, na hakuna aliyetumwa kwenda kusikiliza. Aliyeweza kukaa saa 30 akitazama hana saa mbili za kukaa msibani.

Nimalizie harusi, maana niliwaacha njiani.

Kijana alikishusha kidude chake. Bibi akaniomba nimwite. Akaja kwa adabu, akavua kofia, akaamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Nionyeshe ulichokiona." Akachuchumaa, akamwekea kile kioo kidogo magotini. Picha ilikuwa safi ajabu: uwanja wote, turubai, mwembe, na watu kama punje za mtama zimemwagwa. Bibi alisogeza uso karibu, akaweka kidole. Huyu ni mjomba wa bwana harusi, unaona anavyoburuta mguu, aliangushwa na baiskeli. Huyu amekuja kudai deni, hakualikwa, ndiyo maana amesimama pembeni. Hawa wawili hawasemeshani tangu msiba wa mwaka juzi, angalia walivyopeana mgongo. Huyu binti ana mimba, mama yake hajajua. Akaenda hivyo, kidole kikitambaa juu ya kioo, mtu baada ya mtu, kwa majina yao na ya wazazi wao.

Kijana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Bibi, mimi hapa simjui hata mmoja."